VITABU VILIVYOTUFUNGUA MACHO

(Maneno yaliyosemwa na kikundi cha wasomaji wa Kadutu, Bukavu, mbele ya wafanya kazi wa madini na watu wa mji, Jumapili mchana)

 Tunawashukuru wale waliotoka Bagira na Ibanda kwa miguu, na zaidi wale waliotoka Kamituga na Mwenga kwa njia ile mbaya tunayoijua sisi sote. Tumeombwa tuseme habari ya vitabu: vitabu gani twavipenda, na kwa sababu gani. Twasema kama wasomaji, si kama waalimu. Wengi wetu tuliacha shule kwa kukosa ada, na mmoja wetu hakuingia darasani hata siku moja.

Kwanza tuwaelezeni jinsi tulivyoanza. Mwenzetu mmoja alikuwa anachimba dhahabu katika shimo la Kamituga. Kazi ilikuwa bado haijazaa kitu, naye alihitaji chakula, pauni na mafuta ya mashine ya kuvuta maji. Mtu mmoja mwenye mali akamkopesha, akamletea karatasi. Alimwambia kwa mdomo: nitachukua mfuko mmoja kwa kila mifuko mitatu ya mawe, mpaka deni liishe. Mwenzetu akatia kidole. Mwezi wa tano mawe mazuri yakaonekana, watu wakaimba. Ndipo karatasi ilipotolewa mfukoni na kusomwa mbele ya wazee, nayo ilikuwa kwa Kifaransa. Ilisema nusu ya mifuko, si theluthi. Tena ilisema mpaka shimo litakapokwisha, si mpaka deni liishe. Wandugu, hakuibiwa usiku. Aliibiwa mchana kwa herufi ambazo yeye mwenyewe alizishika mkononi.

Alipoteremka Bukavu kutafuta msaada tulikaa naye, na wengine wetu tuliona haya. Sisi twajua kusoma, lakini tangu tuache shule tulikuwa tunasoma nini? Bei za sokoni, matangazo ya vifo, na ujumbe wa simu. Basi tukakubaliana: kila Jumapili baada ya ibada tutakutana, mmoja atasoma kwa sauti, wengine watasikiliza, na kila mtu atakuwa na haki ya kusimamisha usomaji na kuuliza. Tulianza watu saba na kitabu kimoja kilichokosa jalada.

KUSADIKIKA

Kitabu chenyewe kilikuwa Kusadikika, cha Shaaban Robert. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafanya kazi ya ukarani chini ya serikali ya Waingereza, akafa mwaka 1962, nusu mwaka tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, wakati mtu mweusi aliyesema wazi habari ya watawala alikuwa anatafuta matata. Shaaban Robert alifanya nini? Akabuni nchi inayoelea hewani, akaweka huko mfalme wake, mawaziri wake na baraza lake. Katika nchi hiyo mtu aitwaye Karama anashitakiwa. Kosa lake ni kwamba anataka kuwafundisha watu sheria. Akipewa nafasi ya kujitetea, hapigi kelele wala hatukani. Anasimulia habari ya wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakaleta maarifa ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo.

Tulipofika hapo yule mwenzetu wa Kamituga alisimamisha usomaji. Akauliza: "Kwa nini wanamwogopa mtu wa kufundisha sheria kuliko mwizi?" Tulinyamaza. Kisha mzee mmoja akajibu kwamba mwizi anachukua mali ya nyumba moja, lakini anayefundisha sheria anawapa watu wote macho. Siku ile tulijua tumeshika kitabu cha kweli.

Twawaambia hivi: anzeni na hicho. Kiswahili chake ni cha pwani, na kwa sisi watu wa Kivu maneno mengine ni mageni. Msiogope. Neno usilolijua liandikeni pembeni na muendelee mbele. Ukurasa wa kumi utawaeleza neno la ukurasa wa pili.

Mwandishi huyo huyo ameandika kitabu kingine ambacho mama zetu wa kikundi wamekipenda kuliko vyote, Wasifu wa Siti Binti Saad, cha mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya maskini. Alikuwa akiuza vyungu, akitembea na kuita wateja kwa sauti yake. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha mbele ya wakubwa, na mwaka 1928 ikampeleka hata Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili. Mama mmoja wetu anayeuza sambaza katika soko la Kadutu alisema: "Huyu mimi namjua. Huyu amebeba mzigo kichwani." Basi mtu akiwaambia kwamba vitabu ni vya watu wa ofisi, mkumbukeni mama huyo.

KULI NA WATU WA LUBUMBASHI

Sasa twasema na ninyi wafanya kazi wa mashimo. Kiko kitabu kilichoandikwa kama kwamba mwandishi alishuka shimoni pamoja nanyi, ingawa yeye ni mtu wa Zanzibar na habari zake ni za bandari. Kitabu ni Kuli, cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Kinaeleza wachukuzi wa bandari ya Unguja, mizigo yao, vyumba vyao, mshahara wao usiofika mwisho wa mwezi, na kijana Rashidi anayefumbuka macho pole pole mpaka mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Mgomo huo si hadithi ya kubuni, ulikuwako kweli.

Twakipenda kwa sababu hakidanganyi. Hakisemi kwamba mtu akikasirika leo kesho atashinda. Kinaonyesha jinsi watu wanavyoogopana, jinsi mmoja anavyonunuliwa kwa kitu kidogo, jinsi njaa ya watoto inavyomvunja baba moyo, na jinsi umoja unavyojengwa kwa maneno mengi ya usiku, nyumba kwa nyumba. Mchimbaji mmoja alituambia: "Ukiondoa bahari, hii ni Kamituga." Kweli. Wazee wetu walifanya kazi chini ya kampuni ya MGL siku za Wabelgiji, wengine wakaendelea chini ya SOMINKI tangu 1976. Majina ya kampuni yalibadilika, mgongo ulikuwa ule ule. Lakini nani ameandika habari ya migongo hiyo kama Adam Shafi alivyoandika ya makuli?

Hapo hatuna budi kuwaeleza maandishi mengine, yaliyozaliwa katika nchi yetu wenyewe na katika Kiswahili chetu wenyewe. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav alipiga kwa mashine historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliiandika kwa ajili ya wenzake waliokuwa maboi na wapishi katika nyumba za Wazungu. Jina lake ni Vocabulaire de ville de Elisabethville. Humo mna Msiri, mna kuja kwa Wazungu, mna kampuni ya shaba, na mna habari ya wachimba madini waliogoma Desemba 1941 wakapigwa risasi na askari. Haikuandikwa na profesa. Iliandikwa na wale waliokuwa wakipeleka sahani mezani, huku mabwana wakizungumza kana kwamba boi hana masikio.

Maandishi hayo yangepotea. Mtaalamu Johannes Fabian aliyatoa kitabuni mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Na sikilizeni jambo hili: herufi zake zilikuwa ngumu kufahamika kwa macho, maneno yameunganishwa na kukatwa ovyo. Akatafutwa mtu wa Lubumbashi, Kalundi Mango, akayasoma kwa sauti, na kwa sauti maneno yakafufuka. Wandugu, sisi tulipojua habari hiyo tulifurahi sana. Maana tulikuwa tumechekwa kwa kusoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Kumbe yako maandishi ya watu wetu ambayo bila sauti hayafunguki.

TULIGOMBANA JUU YA TIPPU TIP

Msidhani kikundi chetu ni watu wa kukubaliana tu. Mwaka wa pili tuligombana karibu tuvunjike, na sababu ilikuwa kitabu.

Mmoja alileta Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Kilitolewa mara ya kwanza na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne iliyopita, Tippu Tip mwenyewe akafa Zanzibar mwaka 1905. Ni moja ya vitabu vya zamani vya mtu kusimulia maisha yake kwa Kiswahili, na sehemu kubwa yake ni habari ya nchi yetu: Maniema, Kasongo, Nyangwe, mto Lualaba. Wenzetu watatu, ambao mababu zao walitoka Maniema, walisimama wakasema: "Kitabu cha aliyewauza wazee wetu hakitasomwa mahali tulipokaa." Wengine wakajibu: "Je, Kiswahili tunachokisema hapa kilifika kwa njia gani, kama si kwa misafara ile? Usipomsikiliza aliyekuumiza, utajuaje alivyofikiri?"

Tulizungumza Jumapili tatu. Mwisho tuliamua kukisoma, lakini si peke yake. Tulikisoma pamoja na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa. Anasimulia watu waliokamatwa bara, wakapelekwa pwani, wakatiwa majahazini, kisha wakaokolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa. Wiki moja tulisoma kwa Tippu Tip, wiki ya pili kwa Mbotela. Yule anahesabu pembe, na watu wanapita katika maneno yake kama mizigo. Huyu anaonyesha watu wenyewe. Ukiwasoma wawili pamoja, waona shimo lililo katikati yao, na katika shimo hilo wamo mababu zetu ambao hawakuandika kitu.

Mmoja wa wale watatu hakurudi mpaka leo. Twamheshimu. Wawili walibaki, na mmoja wao ndiye sasa anayetuchagulia vitabu. Neno letu kwenu ni hili: msisome vitabu vya rafiki tu. Lakini kitabu cha mwenye nguvu kisomeni siku zote pamoja na cha aliyeumia.

Aliye na nguvu ya kuendelea katika habari hiyo, atafute Peponi. Ni kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kulipia deni, kisha anafuata msafara wa biashara kwenda bara mpaka ng'ambo ya ziwa. Mtoto kulipia deni! Waliochimba mashimo hawataona jambo hilo kuwa la zamani.

WENYE NCHI WALIOSHIKA KALAMU

Watu husema kwamba Wakongo ni watu wa muziki, si watu wa vitabu. Ni uongo. Padri Stefano Kaoze, mtu wa upande wa Tanganyika, alichapisha maandishi yake juu ya fikira za Wabantu mwaka 1910, miaka saba kabla ya kupewa upadri. Paul Lomami-Tshibamba aliandika mwaka 1945 katika gazeti la La Voix du Congolais akiuliza nafasi yetu itakuwa gani katika dunia ya kesho. Kwa swali hilo tu aliteswa na wakubwa wa koloni, mpaka akahamia Brazzaville. Hakutupa kalamu. Mwaka 1948 kitabu chake Ngando, yaani mamba, kilishinda zawadi Brussels. Ni kitabu kifupi, kina mto, kina mamba, kina mtoto aliyechukuliwa na baba anayemtafuta. Kwa mwenye Kifaransa kidogo ni mlango mzuri.

Lumumba naye alikuwa karani wa posta wa Stanleyville, akijisomea baada ya saa za kazi. Kitabu chake juu ya Kongo, nchi ya kesho, alikiandika mwaka 1956 na 1957, kikatoka 1961 baada ya kuuawa. Tukisoma leo twashangaa: maneno yake ni ya upole sana, bado anaomba, bado anatumaini Mbelgiji atasikia. Kisha linganisheni na barua ya mwisho aliyomwandikia mke wake Pauline kutoka kifungoni. Kati ya maandishi hayo mawili imepita miaka minne tu. Vijana wanaodhani mtu huzaliwa shujaa wasome yote mawili, wataona jinsi mtu anavyokua.

Na mwana wa Kivu, Anicet Kashamura, mmoja wa walioanzisha chama cha CEREA hapa Bukavu mwaka 1958, kisha waziri wa habari wa Lumumba, alitoa kitabu chake mwaka 1966, De Lumumba aux colonels. Alisema mambo kama mtu aliyekuwako. Mtu aliyekuwako huona mengi, na mengine huyaficha, msomeni hivyo.

Je, kitabu chaweza kufanya nini? Mwaka 1999 Mbelgiji mmoja, Ludo De Witte, alitoa kitabu juu ya mauaji ya Lumumba, akitumia barua na simu za serikali yake mwenyewe. Kwa ajili ya kitabu hicho bunge la Ubelgiji liliunda tume ya uchunguzi. Mwaka 2001 tume ikakiri kwamba mawaziri fulani wa Ubelgiji walikuwa na lawama katika mambo yaliyoleta kifo kile, na mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Juni 2022 jino la Lumumba lilirudishwa kwetu. Halikurudishwa na kitabu peke yake. Watoto wake walidai, watu wengi walidai. Lakini kama karatasi zile zingebaki kabatini, wangedai kwa ushahidi gani?

MWINDO WA KWETU

Msidhani pia kwamba kitabu ni kitu cha kutoka mbali. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, upande wa Walikale, mzee Candi Rureke aliimba na kusimulia habari ya Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa kwetu huko, waliandika maneno yake, na mwaka 1969 yakatoka kitabuni kwa Kinyanga na Kiingereza. Sisi hatusomi Kiingereza vizuri. Mwalimu mmoja alitutafsiria jioni kwa jioni, na mama mmoja wa Walikale alimsahihisha mara nyingi, kwa kuwa alisikia habari hiyo kwa bibi yake.

Mwifalme Shemwindo hataki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, baba anajaribu kumwua, anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hafi. Anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na nguvu, baba anakimbilia chini ya ardhi, naye anamfuata mpaka kuzimu. Sasa ninyi mnangoja amwue baba yake. Hamwui. Anamrudisha, wanakaa mbele ya watu, baba anakiri kosa.

Na habari haijaisha. Mwindo, akiwa sasa mkubwa, anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni, huko anateswa na baridi na jua, mpaka ajifunze kwamba hata shujaa hana ruhusa ya kuua anavyotaka. Wandugu, katika mkoa wetu vijana wengi wameambiwa kwamba bunduki ni uanaume. Wazee wa msituni walikuwa na jibu zamani, tena bila kwenda chuo.

Tukitaja hayo, twamtaja pia Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, mwenye hospitali ya Panzi tangu 1999, na zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Kitabu chake La Force des femmes, cha mwaka 2021, ni kizito. Tulikisoma polepole, na mara mbili tulikifunga kwa sababu mtu alikuwa analia. Lakini wanaume kisomeni. Wanawake wanajua tayari yaliyomo.

VITABU VYA SHABA NA VYA KUCHEKA

Vijana wa leo wanaandika pia. Sinzo Aanza, aliyezaliwa Goma mwaka 1990, ametoa Généalogie d'une banalité mwaka 2015, habari ya watu wa mtaa wanaochimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi ametoa Tram 83 mwaka 2014, habari ya baa ya usiku katika mji wa madini, wachimbaji, wanafunzi na wageni wenye fedha wakikaa meza moja. Hicho cha pili msikisome mbele ya watoto. Na msiache kukisoma kwa sababu ya aibu, maana usiku wa Kamituga hauna aibu hiyo.

Kisha twasema wazi: kusoma si adhabu. Mtu aliyetoka shimoni amechoka, anataka kupumzika. Tafuteni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, chenye Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake. Ameuawa nani? Na nani kaua? Tulipokuwa tunasoma hicho, hakuna aliyechelewa kuja, na mmoja wetu alituiba kitabu siku ya Jumatano ili ajue mwisho. Tulimsamehe kwa sharti kwamba asituambie.

NAMNA YA KUVIPATA NA KUVITUNZA

Mtauliza: vitabu hivi viko wapi, na fedha iko wapi? Twawajibu kama tulivyofanya sisi.

Kwanza, msinunue kila mtu chake. Watu kumi wakitoa kidogo kila mwezi wanapata kitabu. Pili, angalieni kwa wauzaji wanaotandika vitabu chini kando ya njia. Mara nyingi kilicho kizuri kimefunikwa na vitabu vya hesabu. Tatu, mwombeni mtu anayevuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma awaletee vitabu vya Kiswahili, maana huko hupatikana kuliko hapa kwetu. Nne, waalimu na mapadri wana makabati yaliyofungwa. Ombeni kwa adabu, andikeni jina na tarehe, na mrudishe. Kitabu kimoja kisichorudi kinafunga kabati kwa watu mia.

Mvua ya Bukavu ni adui wa karatasi. Funikeni kitabu kwa nailoni, msikiweke juu ya ukuta wa udongo, na kisikae karibu na taa ya mafuta. Tena msingoje kujua Kifaransa ndipo muanze. Katiba ya mwaka 2006 imetaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Lugha ya taifa isiyosomwa ni kama shamba lenye hati lakini halina jembe.

Na la mwisho: andikeni. Kila shimo liwe na daftari. Nani alishuka, nani alikufa, mawe yalipatikana lini, mama wanaotwanga mawe walilipwa nini. Septemba 2020 maji yalipoingia mashimoni Kamituga, watu zaidi ya hamsini walikufa siku moja, wengi wao vijana. Kila mmoja alikuwa na jina na shimo lake. André Yav alikuwa boi, naye ameacha historia ya mji mzima. Ninyi mtaacha nini?

Sasa twamaliza kwa mwenzetu yule tuliyeanza naye. Nusu yake hakuirudishiwa. Shimo lilikwisha, na mwenye karatasi alikwenda zake. Lakini kwa miaka miwili alikaa nasi kila Jumapili alipokuwa mjini, akafuata herufi kwa kidole kile kile alichotia kwenye karatasi ile. Mwaka huu ameletewa karatasi nyingine, kwa shimo jingine. Hakuileta kwetu tumsomee. Aliisoma mwenyewe mbele yetu, polepole, Kifaransa chake kikikwama kama gari la mchanga, akituuliza neno moja moja. Alipofika mstari wa sita alisimama, akaurudia mara tatu. Kisha akasema: "Hapa hapakusemwa hivi." Akaikunja karatasi, akairudisha bila kidole. Wiki iliyofuata ikaletwa nyingine iliyoandikwa kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi.

Wandugu, Jumapili ijayo twaanza Kuli tena tangu ukurasa wa kwanza, kwa ajili ya wageni. Aliye na kiti aje na kiti chake. Asiyejua kusoma aje na masikio. Aliye na kitabu nyumbani kinacholiwa na mende, akilete.



Sisi, wasomaji wa Kadutu